Safari ya Jua Iliyokomea Mnarani

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Tawi la Malindi alinipeleka kwenye basi lililoegeshwa uani akaniamuru nikae katika kila kiti, kimoja baada ya kingine. Nilikuwa nimevaa shati jeupe la kuazima kwa shemeji yangu, nikidhani nitapewa meza na kalamu. "Karani wa safari asiyejua kiti kipi kinauma mgongo atamuuzia mgeni maumivu," alisema, akasimama mlangoni kuhakikisha siruki hata kimoja. Basi zima lilijaa vumbi na mafuta. Shati la shemeji halikutakata tena, na shemeji hakunisamehe.

Nawaeleza haya nyinyi vijana mnaobonyeza simu mkadhani safari imepangika. Enzi zetu karani wa safari alijua kila shimo la barabara, kila jiko la hoteli na kila dereva na hasira zake. Tulikuwa na kitu tulichokiita pumzi, yaani muda wa ziada unaouacha katikati ya safari kwa ajili ya pancha, ng'ombe barabarani na mgeni aliyesahau miwani chumbani. Safari isiyo na pumzi hufia njiani. Hili niliwaambia wakubwa wangu wote, mmoja baada ya mwingine, na sikumbuki hata mmoja aliyenisikia.

Kutoka Malindi nilihamishiwa makao makuu Mombasa. Walisema nimepandishwa cheo. Cheo chenyewe kilikuwa chumba cha kupanga mtaani Majengo, huku mke wangu Mwanaisha akibaki Malindi na mamangu, tukionana mwisho wa mwezi kama jamaa wa mbali. Niliomba kurudishwa nyumbani mpaka nikaona haya. Mkurugenzi, aliyerithi kampuni kwa babake na ambaye sidhani aliwahi kupanda basi lake mwenyewe, alinijibu vilevile kila mara: "Tutaangalia, Bwana Shee." Kuangalia kwa wakubwa mnakujua.

Kisha, mwanzoni mwa mwaka wa themanini, ikatangazwa kwamba jua litapatwa. Jua hupatwa kabisa pale mwezi unapopita mbele yake ukalifunika lote, mchana ukawa usiku kwa dakika chache. Lakini giza hilo hupita katika ukanda mwembamba tu wa nchi. Malindi ilikuwa ndani ya ukanda, na Kilifi pia. Mombasa, zilikokuwa hoteli za wageni wetu, ilikuwa nje kidogo, na huko lingebaki kipande cha jua. Wazungu walikuwa wamevuka bahari kwa ajili ya dakika hizo, na kipande hawakukitaka.

Mkurugenzi akaniita. "Shee, wapangie wageni safari ya Malindi wakalione. Ikienda sawa, tawi la Malindi ni lako. Nakupa neno langu."

Mwanaisha alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilitoka ofisini nikijiona tayari niko mlangoni kwangu siku mtoto atakapozaliwa. Sijapata kuitaka safari ifanikiwe kama nilivyoitaka ile.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa wageni walale Malindi usiku wa kuamkia siku yenyewe. Mkurugenzi akakataa, akasema vitanda vya Malindi vimejaa. Nikapanga tuondoke Mombasa alfajiri. Siku hizo Kilifi haikuwa na daraja. Kila gari la kwenda kaskazini lilipanga foleni Mnarani, upande wa kusini wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, likingoja feri. Na siku ile kila mwenye gari angekuwa anakwenda kaskazini.

"Alfajiri? Na staftahi je?" akauliza Mkurugenzi.

"Watakula Malindi, mzee."

"Staftahi ya hoteli imo katika bei waliyolipa. Mgeni akikosa yai lake atanung'unika mpaka kwao. Wale kwanza."

"Tukingoja wale, jua litapatwa tuko kwenye foleni ya feri."

Akafikiri kidogo, na naapa hakuwa akitania. "Kwani hakuna jingine jioni?"

Nilimweleza kwamba si sinema. Akaniambia nisimfundishe kazi. Tukakubaliana jikoni wawahi kidogo, na mimi, mjinga, nikaamini jikoni watawahi.

Sijamaliza hilo, akaja Lali, dereva wetu, mtu wa Mambrui. "Kaka Shee, likipatwa mimi naegesha. Kuna swala yake, siiachi."

"Najua kuna swala. Tutakuwa tushafika Malindi, utaswali msikitini."

"Na tusipofika?"

"Tutafika, Lali!"

"Haya. Mimi nimekwambia. Usije ukasema sikukwambia."

Na nyumbani nako mamangu alikuwa ameshapitisha sheria: mwenye mimba hatazami jua linapopatwa, hashiki kisu, hatoki nje. Madirisha yatafungwa. "Nitawekwa ndani kama mwari," Mwanaisha alilalama nilipokwenda mwisho wa mwezi. "Wewe njoo tu na wageni wako, kisha unisimulie."

Siku ikafika, Jumamosi. Jiko halikuwahi. Mgeni mmoja alirudisha yai lake mara mbili kwa kuwa kiini kimeiva mno, nami nimesimama nyuma ya kiti chake natamani kulimeza mimi. Tulipoondoka, jua lilikuwa limepanda vizuri. Lali aliendesha kama anayekimbiza mgonjwa. Tulipokaribia Mnarani, foleni ilitupokea mbali kabisa na maji. Niliwaza Malindi, niliwaza tawi langu, nikatamani kulia.

Tulikuwa tumebakiza magari machache kuifikia feri jua lilipoanza kuliwa ukingoni. Kiongozi wa wageni, mwalimu mstaafu, mama mrefu mwenye kofia ya ukili, aliteremka na miwani yake myeusi mkononi. Alikuwa amejifunza Kiswahili kitabuni. "Uliahidi Malindi, bwana," akasema. "Hapa si Malindi. Wewe ni mwongo." Hakukosea hata neno moja, na hilo liliniuma zaidi. Nikamwambia hata hapa giza litaingia. Hakunisadiki, na mimi mwenyewe ningekuwa yeye nisingenisadiki.

Mwanga ulianza kufifia. Mabaharia wa feri wakaifunga kamba upande wetu, wakakunja suruali, wakaanza kutia udhu kwenye maji ya hori. Lali akazima injini, akachukua mkeka wake chini ya kiti.

"Lali, wageni hawa nimwachie nani?"

"Waachie jua, ndilo walilolifuata. Wewe njoo uswali, au baki hapo ubishane nalo."

Nikaenda. Lali akatuswalisha. Huyu Lali siku zote huswali kama mtu aliyeacha chungu motoni. Siku ile alichagua sura ambazo sikujua anazihifadhi. Swala hiyo ina rakaa mbili, na kila rakaa ina rukuu mbili, yaani kuinama mara mbili, na kwa kuwa ya jua husomwa kimya, hata kujua amefika wapi nilishindwa. Mkeka ukabadilika rangi, kisha sikuuona kabisa. Upepo ukapoa, majogoo wa Mnarani wakawika. Nyuma yangu wageni wakapiga ukelele mmoja mkubwa, na mimi nimesujudu, paji la uso mkekani, namwomba Mungu msamaha na uhamisho kwa pamoja. Nilipoinua kichwa, vivuli vya magari vilikuwa vimeanza kurudi.

Yule mwalimu alikuwa akilia machozi. Alimkumbatia Lali, akanikumbatia mimi, akasema maji yote yalikuwa kama bati, na nyota zilitoka juu ya hori. Nilipowaambia sasa twende Malindi, hakuna aliyetaka. Walitaka wakae hapo hapo, watazame maji. Nyumbani sikufika.

Waliporudi Mombasa walinisifu kwa Mkurugenzi mpaka akavimba kichwa: mahali pazuri namna gani, pembeni mwa maji, nani alipachagua? Akaniita, amejaa tabasamu. "Shee, kumbe Kilifi ndipo penyewe! Nafungua kituo Mnarani. Meneja ni wewe."

"Mzee, neno lako lilikuwa Malindi."

"Malindi hukufika, Shee. Nitakupaje mahali ambapo hukufika?"

Nikafunga sanduku, nikaenda Mnarani. Kituo chenyewe kilikuwa kibanda cha bati kwenye mteremko wa feri, na kazi yangu kuwapanga wageni foleni. Binti yetu Fatma alipozaliwa, niliambiwa na Lali akipaza sauti dirishani, basi likiteremka kupanda feri. Hakuweza hata kusimama.

Sasa nimestaafu. Majuzi kijana wa ofisi moja ya safari alinijia kuniuliza, mzee, wewe uliyekuwepo, giza lile la jua lilikuwaje? Nikamwambia amuulize Mzungu. Katika nyumba yangu, iliyokuwa chini ya giza lile, hakuna aliyeliona. Mwanaisha alifungiwa madirisha na mimi nilikuwa chini. Kwa hilo sina kinyongo, swala ni swala. Kinyongo changu ni kwamba jua lilirudi kabla Lali hajatoa salamu, na mimi sikurudi kuishi Malindi mpaka walipojenga daraja Kilifi na kituo changu kikafungwa.

Nilishuka na sanduku langu jioni. Fatma alikuwa darasa la tano. Alinipokea vizuri, shikamoo baba, akalibeba sanduku mpaka ndani, akalifungua, akaanza kuzikunja upya nguo zangu kama alivyozoea kunifungashia kila nilipokuja. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Baba, kesho unaondoka saa ngapi?"