Mifuko ya Mwalimu wa Nidhamu

Kwa miaka ishirini na miwili mwalimu wa nidhamu aliwaosha wasichana poda kwa mikono yake mwenyewe, bombani, mbele ya shule nzima, tena kwa sabuni ya kufulia. "Uso mmepewa bure," alikuwa akiwaambia, "mnautengeneza wa nini?" Wasichana nao si wajinga. Walimbandika jina la Mama Mifuko, kwa ule uvimbe ulioning'inia chini ya macho yake. Akipita ukumbini utasikia mmoja ananong'ona, "Leo kaja na mizigo yote." Jina lile lilimkera, likamnyima usingizi, na kukosa usingizi kukaizidisha ile mifuko.

Likizo ilipoanza akaenda mji mwingine, kwa daktari asiyejuana na mtu wake yeyote. Akapasuliwa kope za chini, mafuta yakatolewa, akashonwa uzi mwembamba. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua: mumewe, fundi saa, bwana mdogo wa umbo na mpole kupita kiasi. Alimwapisha.

"Hata wadogo zangu wasijue. Nikilisikia jambo hili mtaani, mimi na wewe basi."

"Sitasema, mke wangu," akajibu fundi saa. Na alikuwa mtu wa kushika neno lake, hilo hakuna anayeweza kumnyima.

Siku ya tatu uso ulitisha kuutazama. Ulikuwa mweusi na zambarau, na macho yamebaki mistari miwili. Alitoka mara moja tu kuanika taulo, jirani akamwona. Saa nne asubuhi habari ilikuwa imeshafika machinjioni, wanakofanya kazi wadogo zake wawili. Wakaja na aproni zao, na viatu vyao vya mpira vikiacha damu ya ng'ombe sakafuni.

Mwalimu alikuwa kitandani, mlango umerudishiwa. Alisikia kila kitu.

"Umempiga dada yetu?" aliuliza mkubwa wao.

"Hapana, shemeji."

"Kajipiga mwenyewe?"

Kofi likalia, zito.

Neno moja la mwalimu lingetosha kuwazuia. Lakini majirani walikuwa wamejaa dirishani, na nusu yao ni mama za wanafunzi wake. Akajiambia watamchapa viwili vitatu, hasira ziishe. Akasikia kiti kikivunjika mgongoni mwa mtu. Akasikia pumzi ikimtoka mumewe kwa teke la tumbo.

"Sema nani kamfanya vile!"

"Siwezi kusema, shemeji."

Mkubwa akamkanyaga mkono wa kulia, ule unaookota skrubu ambazo wewe na mimi hatuzioni, akausaga kwa kisigino. Sauti aliyoitoa fundi saa, mkewe hakuwahi kuisikia maishani. Hapo ndipo alipotoka.

"Mwacheni. Ni daktari. Nilikwenda kupasuliwa hii mifuko."

Mkubwa hata hakugeuka. "Wote husema hivyo, dada. Yule wa nyumba ya pili alidai kaanguka bafuni."

Mwalimu akabandua plasta iliyofunika mshono chini ya jicho. Mdogo wao akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga. Huyu mambo ya nyama ndiyo kazi yake: anajua ngumi hupasua ovyo, kisu huchora mstari. Akautazama ule mstari chini ya kope, akamgeukia mwenzake.

"Kaka, hii si ngumi. Huyu mshenzi amemkata kwa kisu."

Akamkaba fundi saa koo, akamgongesha kichwa ukutani, mara ya kwanza, mara ya pili. Damu ikachirizika kwenye chokaa. Mwalimu akakamata pasi mezani, akaishusha kwa nguvu zake zote begani mwa mdogo wake, mfupa ukalia, kijana akaenda chini. Kisha akageukia dirisha.

"Nimejipeleka mwenyewe! Nilitaka kuwa mzuri, mmesikia? Mimi, Mama Mifuko!"

Jirani mmoja akacheka, wengine wakafuatia. Kicheko kile ndicho kilichomwaminisha mkubwa, maneno ya dada yake hayakuwa yamefaa kitu. Alirudi nyuma hadi mlangoni.

Mwalimu akapiga magoti. Nyuzi za jicho moja zilikuwa zimeachia, damu ikamdondokea mumewe kwenye shati. Akauchukua ule mkono. Vidole vitatu vilitazama pasipo pake, na alijua kwamba havitashika tena kibano cha saa.

Fundi saa alifungua jicho moja. "Sikusema," alimwambia.

Mwalimu angeweza kunyamaza tena, na hakuna ambaye angejua.

"Nilikuwa macho," akasema. "Nilisikia tangu kofi la kwanza."

Fundi saa akautoa mkono wake katika mikono ya mkewe, taratibu, kwa maana ulimuuma sana, akauweka kifuani pake mwenyewe.