Muratina Iliyokataa Kumiminika

Wasomaji, makosa ni yangu. Niliharibu pombe ya ruracio yangu mwenyewe, ile sherehe ya kupeleka mahari, na mpaka leo anko wangu ndiye anatukanwa!

Nafanya kazi kwa shamba la maua hapa Nakuru. Boss alileta unga fulani wa kujaribu kwa mchanga wa maua. Ukikutana na ile hewa tunatoa tukipumua, unafyonza maji na kufura. Ukipigwa na upepo, unayaachilia tena. Eti hauna shida, ukiwa kwa mchanga unaoza wenyewe.

Niliposikia unaoza, nikafikiria ndizi. Kitu kinaoza, kitakosaje kulika? Ujinga, jamani!

Baba ya Shiku, mchumba wangu kutoka Subukia, alikuwa ameapa hatatoa binti kwa pombe nyepesi. Anko ni fundi wa muratina, pombe yetu ya kienyeji, lakini mimi nikaingiwa na baridi, nikataka iwe nzito zaidi. Alipoenda kanisani, nikamwaga unga kwa mtungi wake nikafunika. Nikasahau pombe ikichacha hujaa hewa ile ile.

Kwa kina Shiku, kifuniko kiliinuka chenyewe mbele ya wageni. Mzee, baba ya Shiku, akachovya pembe ya kunywea, ikasimama wima. Akaichomoa, akaipindua. Hakuna tone!

"Hii tunakunywa ama tunatafuna?" shangazi mmoja akauliza.

"Leteni kisu," mwingine akasema.

Kwa desturi yetu, baba humuuliza binti kama wanywe. Akikubali, mambo yamekwisha.

"Shiku, tukunywe?"

Shiku akaangalia pembe. "Mkunywe nini, baba?"

Woi! Tukafukuzwa na mtungi wetu. Njiani, upepo ukaipiga ile pombe nyuma ya pikapu, ikaanza kucheza kama maji. Anko akapiga kelele, "Geuza gari! Imeyeyuka!"

Tukarudi mbio. Mzee akachungulia, akaruka nyuma. "Saa hii ilikuwa jiwe! Huyu fundi wenu ni mchawi!"

Anko akalia mbele ya watu, mtu mzima. Na mimi nikanyamaza. Nilimwogopa baba ya Shiku kuliko Mungu.

Shiku amebembeleza kwao, tumepewa nafasi moja tu, Jumamosi. Anko amepika upya. Naandika haya nikiwa nimekaa kando ya mtungi, kwa sababu ameniambia, "Kijana wangu, kuna mtu anatuchukia. Wewe ndio naamini. Linda hii pombe."

Wenzangu, kitu kuoza hakukifanyi chakula. Na ukikosea, sema mapema, kabla hujafanywa mlinzi.