Injinia wa Soketi

Jina la Injinia alijipa mwenyewe, tusimsingizie mtu. Siku alipofungua kijiofisi chake juu ya duka la daftari na kalamu, alibandika mlangoni kibao chenye neno hilo moja kwa herufi kubwa, na kwa kuwa watu ni wavivu wa kubishana na kibao, wakamwita hivyohivyo. Hata mkewe alimwita hivyo, ila yeye alilivuta neno mwishoni, hasa siku ambazo bomba la jikoni lilikuwa linavuja na mwenye jina amekaa sebuleni anaeleza habari za mitandao.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta, na kwa haki ya Mungu hakuwa mjinga. Alijua kazi. Shida ni kwamba alijua zaidi kidogo ya watu waliomzunguka, na waliomzunguka hawakujua chochote, basi kichwa kikavimba. Neno "sijui" lilikuwa halijamtoka mdomoni tangu aanze kunyoa ndevu. Ukimuuliza saa ngapi, anaanza kwa kukueleza saa zinavyotengenezwa.

Sasa, kulikuwa na hospitali moja ya mtu binafsi, ya ghorofa mbili, iliyochoka kutembeza vikaratasi. Mkurugenzi wake akamtaka Injinia awaandikie programu ya mapokezi. Mgonjwa akifika, karani wa mapokezi anaandika jina lake, anabonyeza TUMA, jina linakwenda hadi kompyuta ya maabara mwisho wa ukumbi, na kompyuta ya maabara inajibu kwamba imepokea. Basi, mgonjwa anakwenda kutolewa damu. Injinia aliionyesha programu hiyo kwa mkurugenzi ofisini kwake, akiwa amevaa tai. Jina likaenda, jibu likarudi kabla hujapepesa jicho. Lisirudi lina nini? Mapokezi na maabara vyote viwili vilikuwa ndani ya kompyuta ileile moja, juu ya meza ileile. Lakini hayo mkurugenzi hakuuliza wala hakuambiwa, akapiga makofi, na mkataba ukasainiwa.

Ikafungwa hospitalini. Siku za mwanzo shwari kabisa. Halafu ikaanza kuganda.

Kuganda kwenyewe kulikuwa hivi. Unabonyeza TUMA, dirisha la programu linapauka pale kwenye kioo, linakuwa jeupe pe! Kuandika huwezi, kufunga huwezi, hata kulisogeza pembeni limegoma. Na aliyekuwa anakodolea macho weupe huo kutwa nzima ni mama mmoja mtu mzima, aliyekaa kwenye kiti cha mapokezi tangu hospitali haijapakwa rangi. Wote walimwita Mama Mapokezi. Foleni ikawa inarefuka mbele yake, watu wanakohoa, watoto wanalia, na kuna wale wa kugonga kioo cha mapokezi kwa pete. Mama wa watu akafanya ambalo wewe na mimi tungelifanya: akabonyeza tena. Akabonyeza tena. Akamtaja Mungu, akabonyeza.

Kumbe kila akibonyeza, mibonyezo inarundikana mahali. Programu ikizinduka, yote inapita kwa mkupuo. Mzee mmoja aliyekuja kupima sukari tu aliitwa maabara mara nyingi mfululizo, mpaka akaanza kuulizia kama kuna mtu wa kumwandikia wosia.

Injinia akaitwa. Akakagua, akakunja uso, akasema, "Hapa tatizo ni soketi."

Yeye alimaanisha ile njia ambayo programu hufungua ili kuongea na kompyuta nyingine. Mafundi wa kazi hiyo huiita soketi. Lakini mkurugenzi anajua soketi moja tu, ile ya ukutani unayochomeka pasi. Akashusha pumzi. "Si useme mapema, bwana! Umeniogopesha bure." Akapiga simu hapohapo, na fundi umeme akaja na mfuko wa vifaa. Aling'oa soketi zote za chini, akaweka mpya, nyeupe, zenye kitaa chekundu. Bwana Maabara, mpima damu wa mwisho wa ukumbi, mtu wa chai asiye na mfano, alichomeka birika lake kwenye ile ya kwake ili kuijaribu, akaisifu sana.

Na Injinia je? Alisimama ukumbini, mikono mgongoni, akimtazama fundi umeme anavyohangaika na bisibisi. Angesema nini? Kusahihisha neno kungemlazimu aeleze kwamba soketi anayoisema yeye imo ndani ya programu aliyoiandika kwa vidole vyake mwenyewe. Akajikausha. Fundi umeme akalipwa, akaenda zake kwa furaha.

Programu ikaendelea kuganda kwenye soketi mpya kama ilivyoganda kwenye za zamani. Sasa mkurugenzi akapandisha hasira. Akatoka ofisini, akasimama katikati ya ukumbi, akasema mbele ya wote: "Jumatatu tunakaa kikao. Nataka nijue jambo moja tu. Ni mashine au ni mtu? Kama ni mashine, inang'olewa na aliyeileta aende nayo. Kama ni mtu, mtu huyo anakwenda nyumbani."

Mama Mapokezi aliyasikia yale akiwa kwenye kiti chake. Mwanamke huyu alikuwa analea wajukuu wawili walioachwa na marehemu binti yake, na mshahara wa kile kiti ndio uliowavalisha na kuwapeleka shule. Alisubiri mkurugenzi aondoke, akamwita Injinia kwenye kioo.

"Mwanangu, nieleze polepole. Nakosea wapi?"

"Papara, mama," akasema Injinia. "Mashine haitaki papara."

"Nikibonyeza mara moja tu, haitaganda?"

"Wewe ipe muda."

"Nisaidie, baba. Nikitoka hapa sina pa kwenda, na umri huu nani ataniajiri?"

"Usiwe na wasiwasi," akasema Injinia, akaangalia saa yake. Tangu hapo mama akawa anabonyeza kwa ncha ya kidole, taratibu, utadhani anaonja uji wa moto. Ikiganda, anaiambia "samahani" na kukunja mikono mapajani. Iliganda vilevile.

Jumamosi mchana Injinia alikuwa nyumbani, sebuleni, kompyuta mbili mezani: moja aliifanya mapokezi, ya pili aliifanya maabara. Hiyo ya pili betri yake ilikufa zamani, ilikuwa inaishi kwa waya. Kwa mara ya kwanza tangu aiandike, alikuwa anaijaribu programu yake kwenye mashine mbili tofauti. Naam, kwa mara ya kwanza. Hospitali nzima ilikuwa imehangaika wiki kadhaa, na bwana huyu ndiyo kwanza anajaribu. Akatuma majina. Yakaenda. Akatuma mengine, yakaenda. Akaegemea kiti, akashika kikombe kwa mikono miwili, na moyoni akasema, si nilijua, ni yule mama.

Programu ilikuwa bado inatuma ya mwisho. Dirisha likapauka hapo, jeupe pe.

Injinia akalitazama. Akaitazama mikono yake: kikombe. Hakuna kidole kilichogusa kitu. Ila ile kompyuta ya pili ilikuwa imezimika.

"Nani kachomoa?" akapiga kelele.

"Nani mwingine?" mkewe akajibu, pasi mkononi. "Au ulitaka shati lako la kikao lijinyooshe lenyewe?"

Waya wa ile kompyuta ya pili ulikuwa sakafuni. Injinia akaona ukumbi wa hospitali, akaona soketi mpya yenye kitaa chekundu, akaona birika la Bwana Maabara. Soketi ni moja pale mezani kwake. Kila roho yake ikitamani chai, anachomoa kompyuta, anachomeka birika.

Nikueleze kosa lenyewe, halina ugumu. Kila programu ina watumishi ndani yake, na mafundi humwita kila mmoja uzi. Programu ya Injinia ilikuwa na uzi mmoja tu. Uzi huohuo ndio unachora dirisha, huohuo unasikiliza vidole vya mama, na huohuo unatumwa kwenda maabara kusubiri jibu. Uliambiwa usubiri, haukuambiwa usubiri mpaka lini. Sasa kule maabara umeme umekatwa ghafla, hakuna aliyebaki wa kujibu wala wa kuaga, na uzi umesimama pale unangoja mpaka kompyuta iwashwe tena. Huku dirishani hakuna mtu. Kosa hilo huchekwa hata na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na Injinia mwenyewe alishawacheka watu wawili kwa kosa hilohilo.

Alilirekebisha kabla jua halijazama. Akaweka uzi mmoja ubaki dirishani daima, usiende popote. Akaweka wa pili wa kwenda kusubiri maabara, akaupa kikomo: usipojibiwa, rudi useme maabara haipatikani. Kitufe cha TUMA akakifunga mpaka jibu lirudi, ili mtu abonyeze hata mara mia, iende moja. Akachomoa waya makusudi, akachomeka, akachomoa. Dirisha halikutikisika. Lo, ilikuwa kazi safi, tusimnyime sifa yake.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na shati kwenye hanga.

"Kwa hiyo hakuwa yule mama?"

"Ni mambo ya kitaalamu."

"Nimekuuliza ni yule mama au siye."

Injinia akafunga kompyuta. "Siye."

"Basi Jumatatu uwaambie."

"Nitawaambia," akasema, na alikuwa amekusudia kabisa. Hata usingizi wake ulikuwa mzuri.

Jumatatu asubuhi alifika mapema, akaweka programu mpya kwenye kompyuta ya mapokezi. "Nimeboresha kidogo," akamwambia mama. Mama akamshukuru, akamwombea baraka. Kisha Injinia akapanda juu kikaoni na shati lake lililonyooka, akakaa mguu sawa.

"Injinia," mkurugenzi akasema, "mashine au mtu?"

Neno lilikuwa tayari. Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Lakini mkurugenzi alikuwa anamkazia macho, mhasibu naye kafungua kalamu, na mkataba uko pale mezani unaonekana. Injinia akakohoa.

"Kitaalamu," akaanza, na mtu akianza na kitaalamu ujue umekwisha, "kitaalamu mfumo ulikutana na changamoto ya matumizi."

"Matumizi ya nani?"

"Ya... mtumiaji."

"Yaani yule mama."

Injinia hakusema ndiyo. Huo ndio ujanja wake, na mpaka leo anajisifia moyoni kwamba hakusema ndiyo. Alisema tu, "Kumbukumbu zinaonyesha jina moja limetumwa mara nyingi kupita kiasi." Ambayo ni kweli tupu! Mwongo mkubwa kuliko wote ni huyu wa kukupa kweli nusu na kukuachia umalizie mwenyewe.

Kabla ya mchana Mama Mapokezi alikuwa ameshaitwa juu na kushuka. Alichukua mto wake wa kukalia, akachukua chupa yake ya maji, akawaaga wagonjwa wa foleni mmoja mmoja kana kwamba wao ndio waliofukuzwa. Injinia alipitia mlango wa nyuma.

Kesho yake akawekwa binti mgeni kwenye kiti kile. Na programu, ungetegemea nini, haikuganda tena. Bwana Maabara akachomoa na kuchomeka atakavyo, dirisha likabaki palepale. Mkurugenzi akazunguka ukumbini akijipiga kifua. "Si mnaona? Mashine ilikuwa nzima siku zote. Ilikuwa mtu!" Akamsifia Injinia kwa wenzake wa hospitali nyingine, kazi zikafuatana, kibao cha mlangoni kikapakwa rangi upya.

"Uliwaambia?" mkewe alimuuliza jioni ya kikao.

"Mambo yamekwisha vizuri."

Mkewe akaiweka pasi kabatini. Shati la siku iliyofuata alilinyoosha Injinia mwenyewe, akaliunguza kola. Aibu aliiona, siwezi kusema hakuiona. Aliiona siku mbili tatu, chakula hakikupita. Halafu akazoea, na chakula kikapita.

Miezi ikapita. Siku moja alikuwa hospitalini kuongeza kompyuta ya chumba cha dawa, akasikia binti wa mapokezi anaita jina. Akanyanyuka mwanamke kwenye benchi. Alikuwa yeye, Mama Mapokezi, amekonda, anakohoa, ameshika kitambaa mdomoni. Injinia akageukia ukuta akijitia kukagua waya. Haikumsaidia. Mama alikuwa ameshamwona, na badala ya kwenda maabara alikuja moja kwa moja, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Injinia akajua leo ndiyo leo. Akajiandaa kutukanwa mbele za watu, na ukweli ni kwamba sehemu moja ya moyo wake ilikuwa inaomba atukanwe.

"Mwanangu," mama akasema, "nimekaa pale tangu asubuhi naiangalia. Watu wote hawa, haijaganda hata mara moja. Kumbe kweli vilikuwa vidole vyangu." Akakohoa, akafuta mdomo. "Mimi nilikuwa nakulaumu. Nilikwenda nyumbani nikawaambia hata wajukuu kwamba yule kijana ameniangushia jumba bovu. Nimekusema vibaya sana, baba, na wewe ulikuwa unanielekeza vizuri kabisa. Naomba unisamehe."

Binti wa mapokezi aliita jina lake tena, kwa sauti, maabara inamsubiri. Mama hakusogea, hakuuachia mkono. Alikuwa anangoja jibu.

"Nimekusamehe, mama," akasema Injinia.