Siku Niliyoita kwa Sauti ya Mzee Kiangi

Juzi asubuhi nilikuwa uani napepeta maharage, nikasikia spika inapanda mlimani juu ya bodaboda, inakoroma kama mbuzi mwenye kikohozi: "Ndugu wananchiii! Kesho msaragambo! Tunajenga jukwaa la maigizo! Kila kaya mtu mmoja, na chochote ulichojaliwa!" Ungo ukanitoka mkononi. Mkwe wangu akacheka, "Mama, na uzee wote huo bado unaogopa spika?" Nikamwambia ndiyo, naogopa. Ninyi nitawaambia ukweli.

Nilipokuwa na miaka kumi hivi, spika hazikuwepo. Alikuwepo Mzee Kiangi na baragumu lake. Jioni anapanda juu ya jiwe, anapuliza, halafu anaita kwa sauti nyembamba inayopasuka mwishoni kama jogoo anayejifunza: "Msaragambooo! Kesho, ndivaniii!" Ndiva ndilo bwawa letu la maji ya kumwagilia. Akishaita hivyo, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Hakuna wa kuuliza mara mbili.

Na mimi nilikuwa kasuku. Nilimwigiza mchungaji akitafuta miwani, nilimwigiza shangazi akipiga chafya za ugoro, mpaka mama ananizaba kofi huku mwenyewe anacheka.

Kijijini tulikuwa na kikundi cha maigizo cha Baba Eliapenda. Walicheza kwenye ghala la zamani la kahawa, na ukitaka kuingia unaleta kibaba cha mahindi, au papai, au kuni. Upepo ukaliezua ghala. Basi watu, hawa hawa Wapare tunaosemwa wabahili, wakatoa bati, moja huku, moja kule, nyingine zina matundu mpaka unaona mbingu. Ikabaki mikono tu. Baba Eliapenda akaomba msaragambo wa Jumamosi. "Mvua ikitutangulia," alisema, "ngoma zitaoza na wachezaji watatawanyika."

Wiki hiyo hiyo nikamwomba na mimi aniingize kwenye igizo. Akaniangalia. "Mwanangu, wewe unawacheka watu. Ukianza kuwahurumia, njoo." Nafasi akampa binamu yangu Nakunda, ambaye hata kuku hamuwezi kumwigiza! Nilivimba kama andazi.

Ijumaa jioni Mzee Kiangi akaita: kesho ghalani. Alipoteremkia upande wa pili, nikajibanza migombani, nikakinga viganja mdomoni: "Nimekoseaaa! Kesho ndivaniii! Ghala mpaka tuwaambieee!" Nikamsikia jirani akimwambia mumewe, "Baba Nanga, huyu mzee leo dengelua imemzidi." Dengelua ni ile pombe yetu ya miwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kesho yake kijiji kizima kilikuwa ndivani kinazoa tope. Ghalani alikuwepo Baba Eliapenda, mke wake, wachezaji wao wachache na Mzee Kiangi, pamoja na masufuria ya makande yaliyopikwa kwa maharage ya mbegu, maana mwenye kazi ndiye anayelisha. Walingoja mpaka jua likafika utosini. Kisha yule mama akajitwisha sufuria, akapita nyumba kwa nyumba anagawa. "Nimepikia watu," alisema, "sasa nitakula na nani?" Hakuuliza kwa nini hatukwenda. Kwetu mimi nilikula sahani mbili.

Watu walipogundua kwamba kazi ilikuwa ghalani wakamrukia Kiangi: ulevi wako huo! Kiangi akaapa kwamba neno ndiva halikumtoka. Baba Eliapenda akamwamini rafiki yake, kwa hiyo akaona waongo ni sisi, tumechagua maji yetu tukamwacha. Wazee wakamfuata, wakamwambia Jumamosi nyingine tutakuja. "Nimeshawaona," akajibu, "msijisumbue." Mvua ikanyesha Jumatatu. Kiangi akanyang'anywa baragumu. Baba Eliapenda akahamia tambarare, huko Jipe, na maigizo yakaishia hapo. Mimi kimya. Mwanzoni niliogopa fimbo. Baadaye nikazoea tu.

Nilipokuwa tayari na watoto wawili, nikateremka Jipe na mkungu wa ndizi, nimejiandaa kukiri. Nilimkuta haoni tena.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Si yule kasuku huyu?" Akanishika mkono. "Hebu niletee watu wa kwetu, niwasikie."

Nikamletea mchungaji. Nikamletea shangazi na ugoro wake. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa shati.

"Na Kiangi?"

"Huyo, Baba, simuwezi."

"Zamani ulimuweza," akasema, akaniachia mkono.

Sikukiri. Niliaga, nikapanda mlima. Kama alijua, sijui, na kuuliza siwezi tena.

Utotoni nilidhani nimemharibia Jumamosi moja. Nimezeeka ndipo nimeelewa. Zile bati zenye matundu zilitolewa na watu waliokuwa wanamtaka, na wangekuja wote, na majembe yao na nyundo zao. Yeye amekufa akiamini kwamba kijiji kizima kilimkataa, na hakuna aliyemkataa ila mimi.