Bangili Nane za Mjomba

Mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, alikuwa tarishi wa idara yetu kwa miaka thelathini na mmoja, na kazini hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Lifti. Lifti yenyewe ilikufa miaka mitatu iliyopita, katikati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na kwa kuwa mafaili hayana miguu, jina likahamia kwake.

Yetu ni idara ya kuhamasisha wananchi wafanye mazoezi. Naomba usicheke, mimi ni katibu muhtasi wa mkurugenzi na kila neno nimelichapa kwa mikono yangu. Fundi alipokuja kutengeneza lifti, mkurugenzi alimrudisha. Mlangoni likabandikwa bango la mwanamke anayekimbia huku anacheka, na chini yake maandishi makubwa: NGAZI NI DAWA. Wiki hiyohiyo mkurugenzi akahamisha ofisi yake kutoka ghorofa ya tano hadi ya chini, ili awe karibu na wananchi. Wakuu wa vitengo, wote sita, nao wakawapenda wananchi ghafla, wakashuka mmoja mmoja, mpaka kule juu ikabaki masjala peke yake, kwa sababu makaratasi hayalalamiki.

Masjala hiyo ndiyo iliyommaliza mjomba. Kwetu faili halitoki meza hii kwenda meza ya pili hata kama meza zimegusana. Lazima lirudi masjala, liandikwe kwenye daftari, ndipo lishuke tena. Faili la sahihi saba hupanda ghorofa tano mara saba. Mjomba alipanda nalo kwapani, mkono mmoja ukutani, goti la kulia likilia kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Kisha ukaja mradi uitwao Taifa Linatembea. Kila afisa alipewa bangili ya mpira inayohesabu hatua. Lengo lilikuwa hatua elfu kumi kwa siku, na kila Ijumaa ilitoka orodha ya idara zote, ya kwanza hadi ya mwisho. Sasa idara ya mazoezi ikishika mkia, uso utauweka wapi? Siku ya tatu mkurugenzi alikuwa na hatua mia nne, nyingi kati yake za kwenda kula.

"Mzee Lifti," alimwita huku akivua bangili, "si unapanda juu? Nenda nayo basi, ikapunge upepo."

Kabla ya saa sita mchana bangili za wakuu sita nazo zilikuwa zinapunga upepo. Ya nane ilikuwa yangu. Sijitetei. Nilimfunga mwenyewe, juu ya nyingine, karibu na kiwiko, naye akauinua mkono akautazama.

"Mpwa wangu, mama yako angekuwepo angeuliza nimeolewa lini."

Yeye hakupewa yake. Bangili zilikuwa za maafisa. Matarishi na wahudumu, barua ilisema, watafikiriwa awamu ya pili.

Tukawa wa kwanza, tukabaki wa kwanza. Mkurugenzi aliulizwa redioni siri ya afya yake, akajibu kwamba ni nidhamu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, nacho kilikuwa kimeshabadilishwa mara mbili kwa sababu ya uzito.

Ndipo daktari akamwambia mjomba kwamba goti limesagika. Akiendelea na ngazi, atastaafu akiwa na magongo, na alibakiza miezi kumi na minne tu. Akaandika ombi ahamishiwe mapokezi, ghorofa ya chini, kwenye kiti. Ombi likafunguliwa faili, faili likahitaji sahihi saba, na wa kulibeba akawa nani? Yeye. Alilipandisha na kulishusha mpaka wakuu sita wakasaini, likafika kwa mkurugenzi, naye akaandika pembeni neno moja: "Tujadili." Ikapita miezi minne hatujajadili.

"Bosi, yule ni mjomba wangu," nilimwambia siku moja.

"Najua. Lakini timu inayoshinda haichezewi."

Wiki ya mwisho ya mashindano orodha ilitoka kila siku. Jumatatu asubuhi mjomba alipita ofisi hadi ofisi na trei ya chai, na juu ya trei bangili nane zimepangwa vizuri. "Goti limeomba ruhusa," alimwambia kila mmoja kwa adabu zote, kisha akaenda kukaa kwenye benchi la wageni. Jumatano tulikuwa wa kumi na tisa.

Mchana mkurugenzi akatoka mwenyewe mpaka kwenye benchi.

"Mzee, unataka nini?"

"Tujadili," mjomba akasema.

Faili lilisainiwa palepale bila kupitia masjala, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Sharti lilikuwa moja: avae tena bangili zote nane mpaka Ijumaa. Alivaa. Siku mbili zile alikuwa akishuka kinyumenyume, maana kushuka kulimuumiza kuliko kupanda, na goti lilivimba likajaa suruali. Nilimwona, nikainama, nikaendelea kuchapa hotuba ya ushindi. Tulishinda. Tukapewa kombe, na zawadi juu yake: maafisa wote walioshinda wamesamehewa kupimwa hatua mwaka mzima.

Mjomba akakaa mapokezi. Goti likaanza kunywea, akaanza hata kupiga mluzi. Kisha ikafika awamu ya pili, akapewa bangili yake mwenyewe, na mgala muue na haki yake umpe, mradi ulimfurahisha siku hiyo. Aliifuta kwa leso kila asubuhi. Mwezi ulipokwisha, makao makuu yakatuma ripoti kwamba mtumishi mmoja wa idara bingwa ana wastani wa hatua mia tatu na tisa kwa siku. Nikaitwa nichape barua.

"Umebainika kuwa mtumishi usiyejishughulisha," ilisema. "Kwa kuijali afya yako, unapewa siku thelathini ufikishe hatua elfu kumi. Ukishindwa, utarudishwa kwenye ngazi." Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akasema ina huruma.

Kutoka mezani kwangu hadi mapokezi ni hatua kumi na mbili. Mjomba alivaa miwani, akaisoma taratibu mpaka mwisho.

"Umechapa vizuri," alisema. "Hakuna kosa hata moja."

"Mjomba, nisamehe."

Alifungua bangili yake, akanishika mkono, akanifunga, akavuta mpira kuhakikisha umekaza.

"Faili la bosi linasubiriwa masjala," alisema. "Na tangu nihame hakuna wa kulipeleka."

Nikalichukua, nikapanda. Ghorofa ya kwanza nilikuwa na hasira na mkurugenzi, ya pili nilikuwa na hasira na nafsi yangu. Kabla ya ya tatu pumzi ziliniishia, nikasimama kwenye kona na kuegemeza mkono ukutani. Pale rangi ilikuwa imetoka yote, plasta imelainika na kubonyea kwa kushikwa, na kiganja changu kiliingia kikabakiza nafasi.