Springi Nilizoziachia Pindo

Chekeni tu, nimeshazoea, maana hata mume wangu siku hizi akitaka kunishinda kwenye ubishi hatafuti hoja, anasema "Chimala" tu, na mimi narudi kwenye cherehani yangu. Basi leo nawaeleza mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mwingine akaitia chumvi (ingawa kwa hii chumvi haihitajiki), jinsi nilivyomwangukia baba mkwe wangu kichwa chini miguu juu, mchana kweupe, mbele ya soko zima, mimi ambaye sikutakiwa kumwona hata kisigino.

Mimi ni Mhehe wa Ipogoro, pale Iringa. Mume wangu Ambakisye ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Tulikutana Mbeya miaka ile ya sabini, yeye karani kwenye ghala la kahawa, mimi fundi cherehani, nina kibaraza changu Mwanjelwa. Sasa kwa Wanyakyusa mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake. Mkikutana njiani unaingia shambani, akiingia nyumbani unatokea mlango wa nyuma, na jina lake hulitaji (mpaka leo silitaji, msinitege). Kwetu nako tuna heshima zetu, lakini hii ya kukimbilia migombani nilijifunza ukubwani, na baba mkwe alijua. Ndiyo maana tulipooana alikataa kwenda kwa wazazi wangu. Alisema binti wa Iringa hataziweza hizo mila, siku moja atamvunjia heshima mbele za watu. Baba yangu, fundi viatu, alikuwa akimuuliza kila atokaye Mbeya kama wakwe zake wameshaanza safari, kisha akaacha kuuliza, na huko kuacha ndiko kulikoniuma zaidi.

Halafu kwenye baridi moja ya Juni, bila mtu kutegemea, mzee akakubali. Atakwenda Iringa kwenye gari la mwanawe, na mimi naruhusiwa kuwemo, mradi kuwe na nguo kati yetu. Nilifurahi, halafu furaha ikaisha nilipokumbuka gari lenyewe.

Lilikuwa la Kijerumani, kubwa, jeusi, tumeachiwa na mzungu mmoja wa mashamba ya chai aliyerudi kwao, na lilikuwa na ugonjwa wake. Halikuwa na springi za chuma kama magari ya watu wengine. Lilisimama kwa upepo: kila gurudumu lilikuwa na mpira mnene, na upepo unajazwa na pampu inayozungushwa na injini. Yule mzungu alisema likiwa zima unajiona uko kitandani. Lakini mipira ilikuwa imechoka, vipuri havipatikani (miaka hiyo sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni), na usiku upepo ukivuja, asubuhi unalikuta limelala tumbo chini kama ng'ombe aliyeshiba. Ukiwasha injini unasubiri, linaanza kunyanyuka taratibu, matako kwanza, na watoto wa mtaa wanashangilia. Nikawa silali. Nawaza, likilala na mzee yumo ndani, katikati ya njia, atasema nini?

Ambakisye akasema dawa yake ni kung'oa mipira yote na kufunga springi. Akaenda Mbalizi kwa fundi mmoja mwenye mabaki ya magari, akarudi na springi mbili za mbele, za kiasi tu, na mbili za nyuma zilizotolewa kwenye gari la mizigo, nene, ndefu, ukizitazama unaogopa. Fundi mwenyewe angekuja kuzifunga wiki inayofuata, na mzee alikuwa anafika jioni ile ile, safari ni kesho yake. Tukaamua tutazifunga wenyewe uani. Fundi alikuwa amempa mume wangu sharti moja tu, kwamba zile za nyuma zikatwe mzunguko mmoja na nusu kabla ya kufungwa, na msumeno wa chuma akamwazima.

Hapo ndipo nilipojiponza. Ambakisye ameshaweka msumeno juu ya chuma, mimi nikamshika mkono.

"Usikate," nikamwambia. "Ukishakata hurudishi. Funga kwanza, tutapunguza baadaye."

Mimi ni mshonaji, jamani. Tangu nijue kushika mkasi sijawahi kukata kitu kwenye kipimo chake, lazima niache pindo, mtoto anakua, mama ananenepa, nguo inasinyaa majini, na wateja wangu wote wananisifia hilo. Na mume wangu, kwa kuwa kwenye mambo ya vipimo mimi ndiye mkubwa wa nyumba, akaweka msumeno chini.

Tukaweka jeki, tukaweka magogo na matofali, tukang'oa mipira, akatoa na mkanda wa pampu. Za mbele ziliingia kwa kusukumana. Za nyuma zikagoma. Tulizibana kwa kamba, kamba ikakatika, springi moja ikaruka ikapiga banda la kuku, na kuku wakahama hawakurudi mpaka jioni. Mwisho tukawaita majirani wanne wenye miili wakakaa kwenye buti, tukaongeza magunia ya viazi, ndipo zikaingia. Majirani walipotoka, gari likanyanyuka nyuma, likanyanyuka tena, likasimama. Taa za mbele zilikuwa zinatazama mchanga na matako yako juu. Kile kiti cha nyuma cha ngozi bandia kilikuwa kinateleza, ukikikalia unateremka mwenyewe kwenda mbele.

Ambakisye akasema tufungue tukate. Giza linaingia, mikono yetu imechubuka, na mzee ameshashuka kwenye basi, yuko kwa mdogo wake mtaa wa Sisimba anakunywa chai. Nikasema tuache, watu wakikaa uzito utalishusha, nguo mpya nayo inakaa mwilini ikivaliwa. Nilisema hivyo bila kulitazama gari.

Pazia nililishona usiku ule, na hilo sijutii. Pamba nzito, maua ya njano, nikaliachia chini pindo la kiganja kizima. Asubuhi tukalitundika kwa kamba toka ubavu hadi ubavu, nyuma ya viti vya mbele, nami nikawa wa kwanza kuingia, nikajikunyata nyuma ya dereva pamoja na kuku wawili na mkungu wa ndizi wa kuwapelekea wazazi wangu. Tukampitia mzee, akakaa mbele. Nikasikia kikohozi chake, nikasikia anauliza kwa Kinyakyusa kwa nini gari limeinama, na mume wangu akajibu kuwa ndivyo Wajerumani wanavyoyatengeneza.

Mpaka Uyole nilikuwa nimeshachoka. Kila kishimo gari linaruka, likitua linaruka tena, na kila likiruka mimi nateleza na mkungu unateleza nyuma yangu. Kwenye mteremko wa Inyala nikakaza magoti kwenye kiti cha dereva, mkono mmoja nimeshika mlango, mwingine nimeshika kuku, naomba Mungu wangu kimoyomoyo. Upande wa pili wa lile pazia mzee alikuwa kimya kabisa. Sikusikia hata akipumua. Mimi nikajua amekasirika, kwamba anahesabu makosa yangu moja moja.

Tukashuka tambarare ya Usangu, barabara ikanyooka, nikapumua. Nikafikiri na kufikiri nikaona kuwa tutafika, nikamwona akilini baba yangu amesimama barabarani na koti lake la harusi. Nikalegeza magoti.

Chimala, pale pale sokoni, ng'ombe wakaingia barabarani. Kundi kubwa, la wale wafugaji waliohamia toka kaskazini, na mchungaji wao yuko nyuma huko anapiga mluzi bila haraka. Ambakisye akakanyaga breki. Gari likainamisha pua mpaka nikahisi linakwangua lami, halafu zile springi, na pindo lake lote nililoziachia, zikatema. Nilipita katikati ya viti viwili nikiwa na kuku mkononi, nikalichukua pazia, kamba ikakatika, nikatua na kichwa kwenye mapaja ya baba mkwe wangu, pazia likatufunika wote wawili, na mkungu wa ndizi ukaja kutukamilisha.

Mle gizani, kati ya maua ya njano, nikasikia mzee anapiga kelele. Alimwita mama yake.

Sikujua nifumbe macho au nijitoe, nikifumbua namwona, nikijisukuma namshika, basi nikabaki pale pale nimekufa ganzi huku kuku anatupigia mabawa. Ambakisye ndiye aliyenivuta miguu. Nikazama kule nyuma sakafuni, nikajifunika kanga, na nje nasikia soko lote limetuzunguka, wauza mchele, wachungaji, watoto, wanacheka hadi wanakohoa, na mama mmoja anaeleza wenzake kwa sauti kwamba yule ni mkwe na yule ni mkwe. Mzee akafungua mlango ashuke, na gari lilivyoinama likamtanguliza, akaangukia magoti. Akasimama, akakung'uta suruali, akaenda moja kwa moja mahali pa kusubiria basi bila kugeuka. Pazia langu lilikuwa bado limemning'inia begani.

Mume wangu akamfuata, akarudi. Akakaa kwenye usukani.

"Amesema anarudi nyumbani," akaniambia.

Nililia kutoka Chimala mpaka Makambako, na kutoka Makambako nililia kwa sababu ya baridi pia. Tulikuwa hatuna jinsi, wazazi wangu walikuwa wamepika. Tulipofika Ipogoro baba alikuwa amesimama barabarani kweli, koti la harusi yake, viatu amevipiga rangi mwenyewe. Akatusalimu, "Kamwene," akainama akatazama kiti cha mbele. Akazunguka, akatazama nyuma, akaniona mimi na ndizi zilizopondeka. Ambakisye akaanza kusema mzee amepata dharura, na baba akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Gari lenu liko juu nyuma," akasema, akaingia ndani kuvua koti.

Mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Tulimla, na sikumbuki nyama ilikuwa na ladha gani. Mama alijaribu kuongea habari za mahindi. Nilitamani baba anigombeze, anitukane hata, lakini alikuwa anatafuna tu na kutazama mlango.

Tuliporudi Mbeya nilizikata zile springi kwa mkono wangu, mzunguko mmoja na nusu kama tulivyoambiwa, nikilia na msumeno ukilia. Gari likakaa sawa, zuri, kama la waziri. Jumapili iliyofuata tukachukua jogoo mkubwa tukaenda Tukuyu kuomba radhi. Njia nzima nilikuwa najiuliza kama nitatoka huko nikiwa bado mke wa mtu. Tulipokaribia nyumbani nikashuka, nikajificha migombani kama inavyotakiwa, manyunyu yananinyeshea shingoni, na Ambakisye akatangulia na jogoo.

Alikawia. Nikasema basi, wanamwambia aniache.

Aliyekuja ni mama mkwe, amejitanda kanga, anapita kati ya migomba ananitafuta.

"Toka huko, mwanangu, unaloa bure," akasema. "Hayupo. Amekwenda kwenu."

Sikumwelewa. Akanieleza kuwa mzee ameondoka juzi na mdogo wake, kwa basi, wamebeba kitambaa cha suti cha kumpa baba yangu na jogoo wao wenyewe, na watakuwa wameshafika Ipogoro wanaulizia nyumba ya fundi viatu. Nikamuuliza mbona kule Chimala alikasirika vile. Mama mkwe akanitazama, nikaona anajizuia kucheka.

"Nani kakwambia alikasirika? Alisema hawezi kurudi kwenye lile gari, kwa sababu umemsikia akimwita mama yake. Aliona aibu kwako, mwanangu."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku ambayo baba yangu alivaa tena lile koti, siku niliyoingojea mwaka mzima, mimi nilikuwa Tukuyu nimeloa migombani, namwomba radhi mtu aliyekuwa amekaa sebuleni kwetu. (Msiniambie kuwa hata ningekuwepo ningekuwa jikoni nimejificha, najua, lakini ningewasikia.)

Mama mkwe akanipeleka nyumbani nikauke. Tulipofika mlango wa jikoni, ule unaotazamana na mahali mzee anapokula, nikasimama. Walikuwa wametundika pazia langu la maua ya njano. Mlango wao ni mrefu, na mama mkwe alikuwa amefumua lile pindo lote, likashuka mpaka chini likagusa sakafu. Akasema mzee ndiye aliyeagiza, ili nikija niwe naweka chakula upande huu na yeye anakivuta upande ule, nisiwe nakimbia kimbia mvuani.

Nguo nimeendelea kuziachia pindo mpaka leo. Ila chuma, jamani, fundi akisema kata, mimi nakata, na jeki sijaishika tena.