Dhahabu Nyuma ya Jicho la Shoki

Mume wangu, Inaba Tokusaburo, alichora miaka ishirini na sita katika karakana ya mwalimu wake hapa Kanazawa, na hakuna aliyewahi kumsikia akijisifu. Alikuwa mtu wa kuchemsha gundi, kuwamba hariri na kunyamaza. Ukimya huo ndio walioutumia kumwibia.

Miaka mitatu baada ya kumzika, nilisikia hekalu litatundika picha yake ya Shoki, yule mfukuza mashetani mwenye upanga wa hadithi za Uchina, kwa sikukuu ya wavulana. Ilikuwa kwa Mzee Nagao, fundi wa kubadilisha karatasi za nyuma ya picha. Nilikwenda kuitazama, nikamkuta Kageyama, mtoto wa mwalimu, ameshika muhuri wa baba yake, ambao ndio sahihi ya mchoraji, tayari kuugonga kwenye hariri.

"Weka chini huo!"

"Taratibu, mama. Hii kazi ya baba. Marehemu alikuwa anamwoshea brashi tu."

"Brashi? Baba yako wakati huo hata vijiti vya kulia wali vilikuwa vinamponyoka! Haya, bingwa, niambie nyuma ya hariri kuna nini."

Akacheka. "Karatasi, mama. Kwani kuwe na nini, samaki?"

Mtoto wa mchoraji, na hajui kwamba hariri hupakwa hata mgongoni, rangi ing'ae kupitia nyuzi! Nikamgeukia fundi.

"Mzee Nagao, jicho la upande wa upanga lina jani la dhahabu kwa nyuma. La pili halina. Dhahabu ilituishia, na fremu niliishika mimi."

Mzee akalowesha karatasi kuukuu, akaibandua polepole kwa kibano. Jicho moja likawaka. La pili, hariri tupu.

"Loo!" akasema. "Bi Inaba kasema kweli."

Kageyama akalainika ghafla. "Basi tuandike majina mawili, mama. Tusiaibishane."

"Aibu ni yako. Ibebe nyumbani kwako."

Akatoka bila kuaga. Mimi nilikaa palepale siku mbili, nikirudi nyumbani kulala tu, mpaka karatasi mpya ikakauka. Kisha nikautoa muhuri wa mume wangu kwenye mkanda wa kimono, nikaugonga mwenyewe.

"Polepole, Bi Inaba, utatoboa hariri!"

Haikutoboka.